Mtu Niliyemvuta Kwenye Kivuko cha Tramu

Tramu haina usukani. Hilo ndilo jambo la kwanza alilotuambia mkufunzi wetu, sisi walinzi kumi na wawili tuliosimama juani katika vizibao vya kung'aa vilivyokuwa bado vinanuka plastiki. Gari linaweza kukukwepa, alisema, lakini tramu inakwenda kule reli inakokwenda, na aliye mbele yake ndiye wa kuondoka. Jambo la pili ni kwamba mtu akigongwa tusimguse. Tupige simu, tuzuie magari, tusubiri gari la wagonjwa. Alilirudia mara tatu kwa Kiingereza cha polepole, kisha akajifunga mikono mgongoni ili hata asiyejua Kiingereza aelewe. Sisi Wakenya tulitazamana tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ilikuwa miezi ile tramu ya Dubai ilipokuwa bado ya majaribio, inapita tupu kati ya majumba marefu ya Marina, taa zinawaka ndani na hakuna abiria hata mmoja. Metro watu walikuwa wameizoea, lakini metro inapita juu ya nguzo, haina ugomvi na mtu. Hii mpya ilishuka chini, ikakata barabara, ikataka magari yaisubiri. Umeme wake unatoka ardhini, kwenye reli ya katikati. Hakuna nyaya juu. Mafundi walituapia kwamba reli ile haina umeme mpaka tramu yenyewe iwe juu yake, na hakuna aliyewaamini. Niliona wajenzi waliopanda ghorofa ya arobaini bila wasiwasi wakiiruka reli hiyo kama watoto wanaoruka mfereji. Mwenzangu wa kivukoni, mama wa Kiganda tuliyemwita Hajati ingawa alikuwa hajafika Maka, aliivuka kwa bismillahi kila mara. Mimi nilimcheka, kisha nami nikairuka.

Kazi yetu ilikuwa kusimama kivukoni, na taa ya magari ikigeuka nyekundu tuinue bendera na kupuliza filimbi mpaka tramu ipite. Kwa maneno ni kazi rahisi. Lakini madereva walikuwa wamezoea kwamba barabarani anayeogopa ndiye anayesimama, nao hawakuiogopa tramu kwa sababu ilikuwa safi na kengele yake ilikuwa na sauti nzuri. Wiki ya kwanza kioo cha pembeni cha gari kilinipiga kiwiko, mkono ukavimba nikashindwa kuvaa shati. Mtu mmoja alinimwagia kahawa ya moto kifuani kupitia dirishani. Mwingine, ndani ya gari kubwa jeusi, alinisogelea mpaka bampa ikanigusa magoti, kisha akanisukuma kidogo kidogo, hatua kwa hatua, mpaka nikawa nimesimama juu ya ile reli ya katikati, na muda wote huo alikuwa anaongea na simu. Niligeuza mti wa bendera ili nimvunjie kioo. Hajati akanikamata ukosi.

"Ssebo, hapa ukiinua mkono, mwili wote unapanda ndege," akaniambia; ssebo kwao ni bwana. "Watoto wako watakula hiyo hasira?"

Mimi ni mtu wa hasira. Sijivunii, wala sitaificha. Kabla sijaja Ghuba niliwahi kumvunja mtu taya kwenye foleni ya maji, na siku ya kuniombea safari kanisani mama yangu hakuomba nipate kazi nzuri. Aliomba mikono yangu itulie. Nilisikia aibu mbele ya waumini wote.

Basi ndipo akaja yule Mtanzania. Alikuwa mtu wa Tanga, dereva wa pikapu nyeupe iliyobeba injini na giaboksi zilizotumika kutoka Ras Al Khor kwenda Jebel Ali, na alipita kwetu ili akwepe foleni ya barabara kuu. Kila siku ya kazi, kwenye saa tatu asubuhi, niliiona pikapu ile ikija imeinama nyuma kwa uzito. Taa nyekundu kwake ilikuwa mapambo.

"Habari za asubuhi, kaka," alikuwa akisema kwa Kiswahili chao kile kinachoteleza, tairi za mbele tayari ziko juu ya reli. "Naomba unipishe, nina haraka kidogo."

"Rudi nyuma ya laini! Huoni taa?"

"Taa naiona vizuri sana. Wewe ndiye sikuelewi. Hapo unaongea au unakwangua sufuria?"

Aliondoka anacheka, nami nikabaki nimeshika bendera kama mpumbavu. Kitandani nilitunga majibu makali ya kumpa. Asubuhi ikifika yote yalikuwa yameniruka, nikabaki na tusi moja tu, tena la Sheng, ambalo yeye hakulielewa.

Siku moja alikatiza tramu ikiwa karibu mno. Ilifunga breki, mafundi waliokuwa ndani wakaanguka, na mmoja akatoka na mdomo unaovuja damu akaja kunifokea mimi. Supavaiza naye akanifokea. Nikaapa kwamba kesho yake mtu huyo hapiti.

Alipokuja nilisimama mbele ya pikapu, nikaipiga boneti kwa mti wa bendera kwa nguvu zangu zote. Bati likabonyea. Alizima injini na kushuka bila haraka. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, mwenye mikono minene ya mtu anayebeba vyuma, na kofi alilonipiga nililisikia mpaka kwenye meno. Nikampiga kichwa cha pua. Kilipasuka kitu, damu ilinirukia kizibaoni, ya moto. Tukaanguka kwenye reli, akanikaba koo kwa vidole vilivyonuka grisi, nikamng'ata bega mpaka nikaonja shati na jasho na chumvi ya damu, na sitasema uongo, nilifurahi. Miezi yote ile ya vioo vya pembeni na kahawa ya moto nilikuwa namtafuta mtu mmoja wa kuilipia, na sasa nilikuwa nimempata.

Hajati alipuliza filimbi. Hakuipulizia ugomvi wetu. Gari la polisi lilikuwa linakata kona.

Hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake. Sote wawili tulijua kwamba kupigana barabarani ni selo, na baada ya selo ni uwanja wa ndege. Tulisimama pamoja. Akanitia mkono shingoni, mimi nikamshika kiunoni, na afisa aliposhusha kioo alitukuta tumekumbatiana, mashati yamechanika, tunacheka.

"Ni ndugu yangu, sir," Mtanga akamwambia kwa Kiingereza, huku anafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Tulikuwa tunacheza."

Afisa alitutazama kwa muda mrefu. Halafu akasema khalas, yalla, kila mtu kazini. Gari lake lilipopotea, mkono ule ukanitoka shingoni.

"Sura mbaya," akaniambia, "lakini unakumbatia vizuri."

Hapo ndipo niliposema neno ambalo nimelijutia mara nyingi. Nilisema kwa sauti, Hajati anasikia, na walinzi wa ng'ambo ya pili wanasikia. "Siku moja hii chuma itakukunja, na ni mimi nitakutoa hapo. Nitakuvuta kama gunia."

"Inshallah," akajibu, akawasha gari.

Baadaye tramu ilianza kubeba abiria. Watu walipanda na watoto wao, wakapiga picha, wakashuka kituo cha pili na kupanda tena kurudi. Madereva walianza kujifunza, wengine kwa faini, wengine kwa kuona milango ya wenzao imeingia ndani. Hata Mtanga alijifunza kidogo. Alisimama nyuma ya mstari, akanipigia honi, akaniuliza kama sufuria imeshang'aa. Sitasema tulipatana. Tulizoeana, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Asubuhi ile alisimama vizuri kabisa. Tramu ya kuelekea kituo cha mwisho ikapita mbele yake, akaona njia nyeupe. Taa ilikuwa bado nyekundu kwa sababu nyingine ilikuwa inakuja kutoka upande wa pili, imefichwa na ile ya kwanza. Nilipuliza filimbi mpaka masikio yakauma. Alinyanyua mkono kunisalimia, akaingia.

Tramu ilimpiga ubavuni, upande wa dereva. Haikuwa sauti ya magari kugongana. Ilikuwa ya kitu kizito kinachotafuna. Pikapu ilipinda katikati, ikasukumwa huku tairi zinapiga kelele, giaboksi zikaruka kutoka nyuma na moja ikaikata nguzo ya alama ya barabarani kama muwa. Vioo vilininyeshea. Ndani ya tramu niliona abiria wakirushwa wote kwa pamoja upande mmoja, mwanamke mmoja paji la uso limegonga kioo na kuacha doa jekundu. Ilisimama baada ya hatua kama thelathini. Kisha kukawa kimya, na katika kimya kile nikasikia mtu anaguna ndani ya bati.

Watu walikuwa wengi. Walisimama kando na simu zao mikononi, hakuna aliyesogea.

Lazima nieleze kidogo kuhusu kwetu. Nimezaliwa mahali ambapo barabara kuu inateremka ukingo wa bonde, na malori huanguka hapo mwaka mzima. Lori likianguka kijiji kizima hukimbia. Wapo wanaokimbilia mzigo na wapo wanaokimbilia watu, na mtu hujulikana maisha yake yote kwamba alikimbilia upande upi. Gari la wagonjwa halikuwahi kuja tangu nipate akili. Baba yangu alikuwa wa kukimbilia watu. Viganja vyake vilikuwa laini na vyeupe kwa makovu, kwa sababu lori moja la mafuta lilimlipukia akiwa bado anamvuta mtu, na mtu huyo akabaki humo ndani. Alinifundisha nikiwa bado mwanafunzi: shika makwapani, vuta mara moja, usisikilize kilio. Anayelia yuko hai. Asiyetoka ndani ya dakika mbili ataungua, na utamsikia akiungua.

Kwa hiyo nilikimbia, na puani nilikuwa nasikia mafuta.

"Mwache!" Hajati alipiga kelele nyuma yangu. "Banange, walisema tusiguse! Ssebo, mwache!"

Mlango haukuwepo tena. Mtanga alikuwa amelala juu ya usukani, uso wake umefunikwa na damu na vipande vidogo vya kioo, macho yamefunguka. Alinitambua. Nilimshika makwapani nikavuta, hakuja. Mguu ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Nikakanyaga ukingo wa gari, nikajikaza, nikavuta tena.

"Taratibu," akasema. "Kaka, taratibu. Mgongo. Taratibu, tafadhali."

Nilimsikia. Hakuna siku nimejidanganya kwamba sikumsikia. Lakini baba alisema usisikilize kilio, na pua yangu ilijaa mafuta, na tena kulikuwa na jambo la tatu, ambalo sikumwambia mchungaji wangu wala mke wangu. Nilikuwa na hasira naye. Kwa nini alinyanyua mkono kunisalimia? Kwa nini hakungoja? Mvuto ule wa tatu niliuvuta kwa mikono ileile iliyoibonyeza boneti yake. Kitu kililia ndani ya mwili wake, sauti ndogo, na yeye akanyamaza. Akatoka mzima mzima, nikamburuta kwenye vioo mpaka mbali, nikamlaza, nikageuka kuutazama moto.

Hapakuwa na moto. Tulisubiri, Hajati na mimi na watu wote wale wenye simu. Maji ya rejeta yalikuwa yanachuruzika, na ile harufu niliyoisikia ilikuwa ya mafuta mazito ya giaboksi kuukuu zilizomwagika barabarani, mafuta ambayo hayangewaka hata kama ungeyachomea kiberiti. Gari la wagonjwa lilifika kabla sijapata pumzi. Mhudumu wake, Mfilipino mdogo wa umbo, alipiga magoti, akagusa nyayo za Mtanga, akauliza kitu, akagusa tena kwa nguvu zaidi. Kisha akainua uso.

"Nani amemsogeza?"

Hajati aliitazama tramu. Nilisema ni mimi.

Polisi walichukua pasipoti yangu. Siku ya tatu niliitwa mbele ya mpelelezi, na mkalimani alikuwa mzee wa familia ya Kizanzibari iliyohamia huko zamani. Kompyuta iligeuzwa upande wangu. Kamera ya kivukoni ilikuwa imehifadhi kila kitu: mti wa bendera juu ya boneti, kofi, kichwa changu kikiingia kwenye pua ya mtu, sisi wawili chini. Nilikuwa sijawahi kujiona nikipigana. Nilionekana kama mtu anayekula.

"Bwana anakuuliza, huyu unamjua?" mkalimani akasema. "Na walinzi wenzio wamesema ulimwapia kwamba utamvuta kama gunia. Kweli?"

"Kweli."

"Haya. Sasa sikiliza, mwanangu. Daktari hawezi kusema kama miguu imekufa kwa tramu au imekufa kwa kuvutwa. Anayeweza kusema ni mwenyewe. Akisema ulimvuta kwa kusudi umuumize, hilo ni kosa kubwa, utakaa ndani miaka. Akisema ulimwokoa, utarejeshewa pasipoti yako. Yeye bado hajaweza kusema. Tunamngoja."

Nami nikangoja. Niliondolewa kivukoni, nikabaki kitandani chumbani kwetu nikitazama mbao za kitanda cha juu. Nilimpigia mke wangu nikamwambia niko likizo. Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya ibada hata kwetu Wakristo, kanisani waliomba kwa ajili yangu kama mtu aliyeonewa kwa kutenda wema, wakamtaja Msamaria, nikatoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka ibada ikaisha. Kama wangeniuliza swali moja tu, kama nilivuta kwa wema au kwa ubaya, nisingejua la kujibu. Nilikuwa nakumbuka mikono yangu, lakini sikuweza kukumbuka moyo.

Wiki ya tatu mkalimani alinipigia mwenyewe. Njoo uchukue pasipoti, akasema, kisha nenda hospitali, ndugu yako anakuulizia.

"Ndugu yangu gani?"

"Yule wa Tanga. Ameulizwa mara mbili, na mara zote mbili jibu lake ni moja. Mlikuwa mnacheza. Wewe ni ndugu yake, ulimtoa garini. Ameweka saini."

Nilimkuta amelazwa kando ya dirisha, uso umekonda, pua imepinda kidogo pale nilipoipiga. Kafeel wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, alikuwa amekwisha kumkatia tiketi ya kurudi nyumbani akiwa amelala kwenye machela. Shuka lilifunika miguu na miguu haikusogea hata pale alipocheka. Alicheka aliponiona.

"Sufuria imekuja," akasema.

Nilikuwa nimetunga maneno njiani, na kama kawaida yakaniruka. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia vile.

"Ulitaka niwaambie nini? Nikisema vingine nitatembea?" Alitazama dirishani. "Nina watoto, nawe una watoto. Yatosha mmoja kuvunjika." Halafu, kwa sauti ileile ya upole, bila kunitazama, akasema: "Lakini nilikwambia taratibu."

"Ulisema."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Alitikisa kichwa. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige lile kofi lake, na ningemletea shavu karibu.

"Nimeteleza kwenye huu mto tangu asubuhi," akasema mwishowe. "Hebu ninyanyue."

Mikono yangu ilikataa kutoka mfukoni. "Wacha niite nesi," nikasema. "Walisema tusikuguse."

"Leo ndiyo umelikumbuka?"

Basi nikainama. Nikamshika makwapani, mahali palepale, nikasikia mbavu zake chini ya vidole, na nikaanza kumvuta juu. Nilimvuta polepole kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote maishani mwangu, nikisimama kila alipovuta pumzi, nikingoja, nikiendelea tena, na miguu yake ikamfuata nyuma chini ya shuka kama mzigo wa mtu mwingine. Kichwa chake kikafika kwenye mto. Jasho langu lilikuwa limemdondokea shingoni.

"Hivyo," akasema, amefumba macho. "Ungenivuta hivyo."